Kinga maradufu: maana yake kwa mwanamke anayeishi na VVU

Kinga maradufu ni kujikinga kwa wakati mmoja na mimba isiyotarajiwa na magonjwa ya zinaa. Kondomu peke yake huweza kufanya kazi zote mbili, lakini ikipasuka, kinga zote mbili zimekwenda. Ndiyo maana hushauriwa iambatane na njia nyingine ya uzazi wa mpango: vijiti vya homoni vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, sindano, kitanzi au vidonge.

Wengi huuliza: kama nameza ARV kila siku na kipimo kinaonyesha virusi havigunduliki, kondomu ya nini tena? Ni swali la haki. Mwanamke wa namna hiyo hamwambukizi mwenza wake VVU kwa njia ya ngono. Hilo limethibitika, na anastahili kuambiwa waziwazi, bila kuzungushwa. Lakini ARV hazizuii kaswende, kisonono wala HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo humwandama mwanamke mwenye VVU takribani mara 6 zaidi ya asiye navyo. Kondomu hupunguza HPV, haiimalizi, kwa hiyo uchunguzi uko palepale: kuanzia miaka 25, na kwa kipimo cha HPV hurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5.

Upande wa mimba una mtego wake. Katika wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume tu, kama watu wanavyoitumia kwa kawaida, 13 hivi hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Wenye vijiti hawafiki hata 1. Ila efavirenz, mojawapo ya ARV, na rifampicin, dawa ya kifua kikuu (TB), hulifanya ini livunje homoni za vijiti haraka, na wapo walioshika mimba vijiti vikiwa bado mkononi. Dolutegravir, ARV nyingine, haina shida hiyo. Kitanzi cha shaba hakina homoni, basi hakiguswi na dawa hizi, na sindano ya miezi 3 nayo hubaki na nguvu. Kwa hiyo unapokwenda kuchagua njia, taja dawa zote unazomeza, hata za TB.

Kondomu za mpira wa kawaida huharibiwa na mafuta ya nazi na Vaseline ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji. Usivalishe mbili pamoja, husuguana zikapasuka. Epuka pia zenye dawa ya kuua mbegu za kiume, kwani huchubua uke.

Ikipasuka nawe huna njia nyingine, kitanzi cha shaba huzuia mimba kikiwekwa ndani ya siku 5. P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, humezwa mapema, vizuri zaidi ndani ya saa 72, na efavirenz huipunguza nguvu, hivyo mwambie mtoa dawa. Kama virusi vyako havijafubaa na mwenza hana VVU, aanze PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kukutana na virusi, ndani ya saa hizohizo 72, aimeze siku 28.