Kabla ya kuwasha kamera, niambie nani ataitazama

Shirika linaponitafuta likitaka filamu ya utetezi, yaani ya kudai haki au mabadiliko, kitu cha kwanza ninachoambiwa ni urefu: dakika 20, dakika 30. Cha pili ni kwamba isambae mitandaoni. Nikiuliza ni nani hasa anayetakiwa kuitazama, najibiwa "umma". Sasa, umma hausaini kitu. Anayesaini ni waziri, jaji, diwani au ofisa wa benki inayokopesha mradi, na hao hawana dakika 30 za kukupa. Kamera yangu haitoki kwenye begi mpaka nijue tunamlenga yupi kati yao, na tunataka afanye nini akishaitazama.

Mfano ninaoupenda ni wa Waendorois wa Kenya, walioondolewa kwenye ardhi yao kandokando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili ipatikane hifadhi ya wanyama. Kesi yao ilipofika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pamoja na nyaraka za mawakili iliwasilishwa video ya wanajamii wenyewe wakieleza walichopoteza. Ilitayarishwa kwa msaada wa WITNESS, shirika lililoanzishwa mwaka 1992 ili kuwasaidia watetezi wa haki kutumia video. Tume hiyo ina makamishna 11. Hadhira ilikuwa hiyo basi, watu 11. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa Waendorois haki. Sisemi video ndiyo iliyoshinda kesi. Hoja za sheria ndizo zilizoshinda. Ila hati ya kiapo haiwezi kumwonyesha kamishna malisho, mahali pa kulambisha mifugo chumvi na pa kufanyia matambiko ambapo watu wamezuiwa kufika. Utekelezaji nao ukasuasua kwa miaka mingi, jambo ambalo linahitaji filamu nyingine, yenye mlengwa mwingine.

Kinachofanywa ovyo kuliko vyote ni ridhaa ya anayerekodiwa. Fomu inasainiwa harakaharaka mtu akiwa ameshaketi mbele ya taa, kisha inafungiwa kabatini. Mimi huuliza taratibu: jirani yako akiiona video hii, itakuwaje? Mwajiri wako je? Na huyo unayemtaja kwa jina? Mtu aliyekuwa anaitikia tu "sawa, sawa" mara nyingi hunyamaza kwenye swali la tatu. Hapo ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza, na wakati mwingine yanaishia kwa yeye kukataa. Akikataa, amekataa; hatumbembelezi kwa sababu mfadhili anasubiri.

Akikubali kuzungumza lakini hataki kutambulika, usitegemee kumfunika uso wakati wa kuhariri. Faili la awali bado lina sura yake, na kompyuta ikichukuliwa, amekwisha. Mrekodi tangu mwanzo akiwa ameipa kamera mgongo, au mwanga mkali ukiwa nyuma yake abaki kivuli. Wengi hukimbilia kuonyesha mikono tu, wakasahau kwamba pete, kovu au kucha iliyong'oka humtaja mtu kwa wanaomfahamu. Sauti iliyoshushwa kwa programu inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Ni heri mtu mwingine ayasome maneno yake. Na faili lisipewe jina lake (utashangaa ni mara ngapi linapewa).

Njia ya kurudisha madaraka kwa wanaorekodiwa si ngeni. Mwaka 1967, Colin Low wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Canada alirekodi filamu fupifupi katika kisiwa cha Fogo nchini humo, ambako serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha wavuvi. Kwanza ziliwekwa mbele ya wanakisiwa wenyewe, nao walikuwa na haki ya kukataa kipande. Walipotazamana kwenye pazia waligundua kwamba malalamiko ya kijiji kimoja ndiyo ya kijiji cha pili. Baadaye viongozi wa serikali wakaonyeshwa. Wavuvi waliunda ushirika wao na kisiwa hakikuhamwa. Kwa kazi ya namna hii, onyesho la ukumbini lenye mjadala naliona lina nguvu kuliko milioni ya watazamaji wa sekunde tatu.

Video ya ushahidi ni kazi nyingine kabisa. Hapo muziki ni adui. Anza na picha pana inayoonyesha mahali penyewe, pamoja na alama isiyohamishika kama mnara au mlima, kisha sogea. Kila picha ishike angalau sekunde 10 bila kutikisika. Taja tarehe, saa na mahali, kama kuvitaja hakukuhatarishi. Usikate, usirekebishe rangi, usiguse faili la awali. Ukitaka kuhariri, hariri nakala.

Mitandao si ghala. Mwaka 2017 YouTube ilipoongeza matumizi ya mashine kuchuja video za itikadi kali, maelfu ya video zilizoonyesha vita vya Syria zilifutwa, zikiwemo za watetezi wa haki. Baadhi zilirudi baada ya malalamiko. Faili la awali liwe kwenye diski mbili, zilizotunzwa katika majengo mawili tofauti, na pawe na daftari linaloonyesha nani alilishika faili hilo na lini.