Mchamba Mfalme Hakuwa Mtwana

Ile klipu imenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwanafunzi wangu mwenyewe: kazi mbaya kuliko zote duniani, kumchamba Henry VIII, mfalme wa Uingereza wa karne ya 16. Vicheko tele chini yake. Jamani, nimechoka. Mnamwonea huruma mtu ambaye ikulu nzima ilimwonea kijicho.

Mhudumu wa choo cha mfalme alikuwa bwana mkubwa. William Compton, wa kwanza chini ya Henry, alikuwa naye tangu utotoni na alikufa tajiri. Kiti chenyewe kilikuwa sanduku lililovikwa mahameli, na chombo ndani.

Sasa, alimchamba au hakumchamba? Hapo vitabu hupita mbio. Mwongozo mmoja wa watumishi wa karne ya 15 unaagiza choo kiwe safi na kinukie, kitambaa cha pamba au kitani kiwe tayari, kisha mtumishi asubiri na beseni, birika na taulo. Mkono wa nani ulishika kitambaa? Kimya. Wala sijaona waraka wa enzi ya Henry unaomaliza ubishi huo. Anayeapa kwamba alichambwa anakisia, na anayeapa kwamba hakuchambwa naye anakisia. Mimi naelekea kuamini alijipangusa, ila kwa ile miaka ya mwisho, unene umemlemea na miguu ina vidonda, siweki dau. Kuchamba kwingi wahenga walishatuonya, tuendelee.

Kisichobishaniwa ni kwamba haja ya mfalme ilikuwa habari ya serikali. Septemba 1539 mhudumu wake, Thomas Heneage, alimwandikia Thomas Cromwell, waziri mwenye nguvu kuliko wote: mfalme kameza vidonge vya kuharisha, kapigwa bomba, kalala hadi saa nane usiku, kaamka na kupata choo kizuri sana. Cromwell alitaka kuyajua hayo, maana mfalme aliyefunga choo si wa kupelekewa ombi la ardhi.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe: kuwa mlango wa kumfikia mfalme. Kanuni za ikulu za 1526, zilizoandaliwa na Kardinali Wolsey, zilikataza wahudumu kumfuata mfalme chumbani au faraghani bila kuitwa, isipokuwa mmoja tu, Henry Norris, aliyempokea Compton cheo cha choo. Huyohuyo alishika na mfuko wa fedha binafsi za mfalme. Mtwana gani huyo?

Ubaya wa kazi ulikuwa kwingine kabisa. Tarehe 1 Mei 1536, kwenye mashindano ya mikuki Greenwich, Henry aliondoka ghafla, akapanda farasi kwenda Westminster huku Norris yuko ubavuni, akimhoji njia nzima kuhusu Malkia Anne, mkewe, aliyeshukiwa kuzini naye. Kiri nikusamehe, alimwambia. Norris akakana, na mimi namwamini. Tarehe 17 alikatwa kichwa Tower Hill, London, na cheo chake akapewa Heneage, yule wa barua.