Je, wajua? Zawadi ya volkano kwa uhai huenda ilikuwa magadi, si moto

Ukiuliza volkano zilisaidiaje uhai kuanza duniani, jibu la haraka ni joto: lava inatokota, radi inapiga, supu inaiva, kiumbe cha kwanza kinaibuka. Picha hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1952 Stanley Miller, akiwa mwanafunzi Chicago, alipitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, haidrojeni na mvuke, akapata asidi za amino, yaani vipande vinavyojenga protini. Mtambo wake mwingine ulipuliza mvuke kwenye cheche, mithili ya radi ndani ya wingu la volkano. Masalia ya jaribio hilo yalikaa kwenye vichupa hadi baada ya kifo cha Miller, na matokeo ya vipimo vipya, yaliyotoka mwaka 2008, yalionyesha asidi za amino 22.

Tatizo ni neno “kuiva”. Joto hujenga na hubomoa pia. RNA, molekuli ndefu inayobeba maelekezo ya uhai kama binamu yake DNA, ikikaa kwenye maji ya moto hukatikakatika. Lava ya kawaida hufikia nyuzi 1,100 za Selsiasi au zaidi, na hata ile ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, iliyo “baridi” kuliko zote kwa nyuzi 500 hadi 600, huteketeza kila kitu hai inachokigusa. Na asidi za amino hata zikiwa 22 hazina kiungo kimoja ambacho RNA haiwezi kukikosa: fosfeti, inayoshikanisha pingili zake.

Fosfeti haikuwa adimu kwenye mawe. Ilikuwa adimu majini, kwa sababu ikikutana na kalsiamu huganda nayo na kuzama ikiwa apataiti, jamii ileile ya madini inayofanya meno yawe magumu. Wakulima wanalijua hilo kwa njia nyingine: mbolea ya fosfeti ya Minjingu, Tanzania, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye asidi, lakini kwenye udongo wenye kalsiamu nyingi hubaki kama mchanga.

Nani basi anaiondoa kalsiamu njiani? Jibu liko kwenye ndoo ya kufulia. Chota maji magumu ya kisima, kama yale ya Dodoma, uyatie sabuni. Povu halitoki, kwani kalsiamu imeidaka sabuni na kuigeuza utando mweupe unaoelea. Sasa chukua ndoo nyingine ya maji hayohayo, lita 20, utie vijiko viwili vya magadi, ukoroge, uache yatulie saa moja au mbili. Kaboneti ya magadi hukamatana na kalsiamu na kushuka nayo chini ikiwa unga mweupe. Tia sabuni, povu litatoka. (Maji hayo ni ya kufulia tu, usiyanywe: magadi ya asili mara nyingi yana floridi nyingi.)

Weka fosfeti mahali pa sabuni, na ziwa mahali pa ndoo. Mvua iliyobeba hewa ya ukaa ni asidi dhaifu. Hutafuna miamba ya volkano na kubeba sodiamu, kaboneti na fosfeti kidogo hadi kwenye bonde lisilo na mto wa kutokea. Jua linakausha, kaboneti inazidi, kalsiamu inashuka, fosfeti inabaki huru. Ndivyo lilivyo Ziwa Magadi nchini Kenya. Wengi humpa Lengai sifa yote kwa sababu lava yake yenyewe ni ya magadi, lakini sehemu kubwa ya magadi ya ziwa hilo inatokana na miamba ya kawaida ya Bonde la Ufa inayomomonyoka polepole, bila mlipuko wowote.

Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza mwaka 2020 kwamba maziwa ya aina hii yanaweza kuwa na fosfeti hadi mara 50,000 ya ile ya baharini. Last Chance Lake huko Kanada, lililo juu ya miamba ya volkano na lenye kina kisichozidi sentimita 30 hivi, linaongoza kwa fosfeti kati ya maji yote ya asili yaliyopimwa. Na hiyo ni leo, wakati vijidudu vinaila. Kabla ya uhai hapakuwa na mlaji.

Kuna kasoro. Kaboneti huondoa pia magnesiamu, ambayo RNA huihitaji ili ijikunje, na chumvi ikizidi huvuruga vifuko vya mafuta vinavyodhaniwa kuwa ngozi za seli za mwanzo. Kwa hiyo mvua za kuyazimua maji, kisha kiangazi cha kuyakoleza, huenda zilikuwa muhimu kama magadi yenyewe. Tope la maziwa ya wakati huo halijabaki popote, kwa hiyo hoja inasimama juu ya kemia na mifano ya leo. Wanaoshikilia kwamba uhai ulianzia kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari, zilizoonwa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, hawajakubali. Ila maji ya bahari, angalau ya leo, yana kalsiamu tele.