Si Kila Uongo ni Gasilaiti

Juzi kijana mmoja aliniambia bosi wake anamgasilaiti. Nikamuuliza amemfanyia nini. "Kaninyima likizo." Inaudhi, na pengine ni uonevu, lakini gasilaiti, yaani kumfanya mtu atilie shaka macho na kumbukumbu zake mwenyewe, ni kitu kingine, na sisi washauri nasaha tofauti hiyo tunakutana nayo kila wiki.

Neno limetokana na tamthilia ya Patrick Hamilton, Gas Light, ya mwaka 1938, ambayo Hollywood iliitengenezea filamu mwaka 1944, Ingrid Bergman akiwa mke. Kila usiku mume anaaga, kumbe anazunguka na kupanda darini kwao kutafuta vito vya marehemu, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimuua. Akiwasha taa kule juu, gesi inapungua na taa ya chumbani kwa mkewe inafifia. Mke anaiona. Anasikia na vishindo. Akiuliza, anaambiwa ni mawazo yake tu. Vitu anavificha mume, anayelaumiwa kwa kuvipoteza ni mke.

Mwongo wa kawaida anakuficha jambo moja, basi. Mume yule anawinda imani ya mke kwa macho na kumbukumbu zake mwenyewe, na kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka.

Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililitangaza gasilaiti (kwa Kiingereza gaslighting) kuwa neno la mwaka, baada ya utafutaji wake kuongezeka kwa asilimia 1740. Lugha hukua, sina ugomvi na hilo. Ila kila mzozo ukiitwa gasilaiti, mwenye shida hiyo hasa hasikiki. Mara nyingi hata neno lenyewe halijui. Anakuja akisema, "Nadhani nina tatizo la kusahau."

Mama mmoja alianza hivyo (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Akimkumbusha mumewe walichokubaliana, jibu lilikuwa lile lile: "Umeanza tena mambo yako." Nikamwomba awe anaandika papo hapo, tarehe na maneno yaliyosemwa, na daftari akaliweke kwa dada yake. Katika filamu, mke anaanza kupona pale mpelelezi anapoingia na kuiona naye taa ikififia. Nilitaka daftari limfanyie kazi hiyo.

Wiki ya tatu alilifungua mbele yangu, akasoma kurasa mbili kimya, kidole kikifuata mistari.

"Kumbe nilisikia sawasawa," akasema, kisha akaanza kulia.