Redio za valvu na redio za kidijitali: yanayosemwa huku Nyanda za Juu Kusini, na ukweli wake

Tangu simu za mkononi zienee, redio kol nyingi za huku kwetu zimekosa kazi. Zile zilizokuwa zikihudumia misheni, hospitali na mashamba ziko stoo, au zimelala kwenye meza za mafundi zikisubiri kung'olewa vipuri. Kwetu sisi wa redio ya ridhaa, tunaoongea hewani kwa kupenda na si kwa biashara, wenye leseni ya TCRA na kolsaini (majina ya kituo hewani) zinazoanza na 5H, kazi haijaisha, na swali linalorudi kila mara ni lile lile: ninunue redio ya zamani, ya valvu (zile taa za kioo zilizokuza mawimbi kabla ya transista), au mpya? Majibu ninayoyasikia Iringa na Mbeya hutoka kwa watu ninaowaheshimu, lakini mengi hayasimami ukiyapima. Kijana anayekusanya pesa zake kidogo kidogo anastahili majibu yaliyopimwa.

"Za zamani zilikuwa na nguvu. Wati 260! Za leo zinaishia 100."

Kitabu cha Yaesu FT-101E ya miaka ya 1970 kinasema kweli wati 260, na cha Icom IC-7300 iliyotoka 2016 kinasema 100. Namba hizo hazipimi kitu kimoja. Zamani watengenezaji walitangaza nguvu inayoingia kwenye valvu za mwisho, yaani volti mara ampea, na hata sheria za Marekani zilipima hivyo mpaka miaka ya 1980. Leo kinachotangazwa ni nguvu inayotoka kwenda kwenye antena. Valvu za aina ile hugeuza takriban nusu ya zinachopewa kuwa mawimbi, na nusu iliyobaki huwa joto. Basi ile 260 hutoka kama 130 hivi valvu zikiwa nzima, na zilizochoka hazifiki hapo.

Tena, hata tofauti ya 130 na 100 ikiwa ya kweli, mwenzako wa upande wa pili haioni. Nukta moja kwenye mita ya redio yake ni desibeli 6, maana yake nguvu mara nne. Kutoka wati 100 itakubidi ufike 400 ndipo sindano yake isogee nukta moja. Mwenye njaa ya wati aiangalie antena yake kwanza. Waya wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, ukitundikwa mita sita au saba kwenye nguzo za mikaratusi ambazo huku hazina shida kupatikana, hurusha mawimbi ya mita 40, yaani bendi ya megahezi 7, karibu wima. Mchana yanarudi kutoka angani na kufunika Mbeya, Njombe, Songea na Iringa, na safu za Uporoto na Kipengere zinabaki chini yake bila kuzuia chochote. Waya huo ukiufunga kwenye FT-101 au kwenye IC-7300, Iringa watakusikia sawasawa.

"Mpya inasikia mbali zaidi."

Hili linaaminika sana, na linapimika kwa dakika moja. Washa redio, iweke mita 40 mahali pasipo na mtu, sikiliza mvumo, kisha chomoa plagi ya antena. Mvumo ukishuka waziwazi, jua kwamba ulichokuwa ukisikia ni kelele za nje, si za redio yenyewe. Redio ikishafika hapo, kuiongezea usikivu ni kuzikuza kelele pamoja na sauti. Kenwood TS-520 ya miaka ya 1970 iliyo nzima inafaulu mtihani huo bila taabu. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za mbali hujaza bendi za chini mikwaruzo, na hakuna redio ya mwaka wowote itakayokuondolea mvumo unaoingia kwa njia ile ile anayoingilia unayemsikiliza. Kelele nyingine ziko karibu kuliko radi: kidhibiti chaji cha sola cha bei ndogo, taa za LED, chaja ya simu ya jirani. Zima kimoja kimoja usikilize. Wengi wanaodai redio yao ni kiziwi wana chaja tu iliyoning'inia ukutani.

Tofauti ya kweli kati ya redio na redio inaonekana pale ambapo unamsikiliza mtu dhaifu na kando yake, kilohezi mbili tatu tu, yupo mwenye kishindo. Hapo redio nyepesi inafunikwa. Na hapo ndipo hesabu ya umri inapovurugika kabisa.

Redio za miaka ya 1970 zilitumia osileta (sehemu inayotengeneza masafa) ya koili na kapasita. Ilitembea kidogo kwa joto, lakini ilikuwa safi. Kuelekea 1980 zikaja redio za namba za kidijitali, ambazo masafa yake hayahami, lakini nyingi za mwanzo zilikuwa na osileta yenye mvumo wake pembeni, na jirani mwenye nguvu akirusha, mvumo huo ulipanda juu ya sauti unayoitafuta. Pia zilianza kwa kuyapandisha mawimbi hadi masafa ya juu sana, ambako filta nyembamba, zile zinazompitisha unayemtaka na kuwazuia majirani zake, hazikupatikana, hivyo mlango wa kwanza uliachwa wazi kwa upana wa kilohezi 15 au karibu na hapo. Ndiyo maana redio ya katikati ya miaka ya 1980 yenye vitufe vingi inaweza kushindwa na mkubwa wake wa miaka kumi nyuma pale bendi inapojaa. Dawa ilikuja polepole: Ten-Tec Orion ya 2003, na Elecraft K3 iliyofuata miaka michache baadaye, zilirudisha filta nyembamba mbele kabisa. IC-7300 ikaenda njia nyingine, inayageuza mawimbi kuwa namba mara tu yanapopita filta pana za mbele kutoka kwenye antena. Hiyo nayo ina udhaifu wake, kwa sababu vyote vinavyopita filta hizo vinajumlishwa pamoja, na vikizidi, herufi OVF zinawaka kwenye kioo. Zikiwaka, zima kiongeza usikivu cha mbele au punguza nobu ya RF, ile ya usikivu, na mambo hurudi sawa.

Kwa hiyo anayesema "mpya" aulizwe: mpya ya lini, na imejengwa vipi? Kile kioo kinachoonyesha bendi nzima ikitiririka nakipenda, kinakuonyesha alipo mtu kabla hujamsikia. Lakini ni macho hayo. Hakiongezi masikio.

"Wazee wanapenda sauti ya valvu kwa mazoea tu."

Hapa wazee wana haki, na napenda vijana walijue hili. Transista zinazofanya kazi kwa volti 13.8 hulazimika kupitisha ampea nyingi, na mtu akizisukuma mpaka mwisho, sauti yake inachafua masafa ya kushoto na kulia. Valvu zinazofanya kazi kwa volti mia kadhaa, zikipangwa vizuri, mara nyingi hurusha sauti safi zaidi pembeni. Sharti ni kupanga. Unazungusha nobu ya "plate" mpaka sindano ya mkondo ishuke kwenye bonde lake, unapandisha "load" kidogo, unarudi "plate" kutafuta bonde tena, na yote hayo yaishe ndani ya sekunde kumi hivi, kwa sababu valvu isiyo kwenye bonde inageuza karibu nguvu yote kuwa joto na bati lake la ndani linaanza kuwaka wekundu. Ukihama kutoka mita 40 kwenda mita 20, unaanza upya. Redio mpya haikudai hayo, ila inakudai jambo jingine: usipandishe maiki mpaka sindano ya ALC, inayoonyesha unavyoisukuma redio, igonge mwisho.

"Redio mpya haivumilii betri. Ukibonyeza kuongea inazimika."

Nimeitwa kuangalia redio za namna hii, na kosa huwa kwenye waya. IC-7300 ikirusha wati 100 inaweza kuvuta hadi ampea 21, na kiwandani wameiandikia volti 13.8 kwa kupungua au kuzidi asilimia 15, maana yake isishuke chini ya 11.7. Sasa mtu anachukua waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani, anautoa kwenye betri mita tano mpaka mezani. Mita tano kwenda na tano kurudi, kwa ampea 20, waya huo unakula zaidi ya volti mbili. Betri ya 12.6 inafika kwenye redio ikiwa na 10 na pointi kidogo, redio inajizima kujilinda, na mwenyewe anailaumu. Tumia waya mnene, milimita 10 ukiweza, sogeza betri karibu na meza, funga fyuzi karibu na betri, kaza vichwa vya betri.

Kwa mtu wa sola, hesabu ya kusikiliza ndiyo kubwa kuliko ya kuongea, maana muda mwingi tunasikiliza. IC-7300 inakula takriban ampea moja ikisikiliza, na redio ndogo kama Yaesu FT-817 ya wati 5 inakula karibu nusu ya hiyo. Upande wa valvu, zile 6146B mbili za kwenye Kenwood TS-830S zinakula karibu wati 14 kwa kuwasha nyuzi zake tu, kabla hujasema hata "kamwene". Penye umeme wa gridi hilo halina uzito. Kwa wa Makete anayetegemea paneli moja, na mawingu ya Machi, linaamua kila kitu.

"Valvu haziogopi radi."

FT-101, TS-520 na TS-830S si redio za valvu tupu. Valvu ziko tatu tu, dereva na mbili za mwisho. Upande wote wa kupokea ni transista, na radi ikiingia kwa antena inazikuta hizo. Tukuyu na Rungwe yote kunanyesha na kunapigwa radi kweli kweli. Chomoa antena, itoe nje ya dirisha, na chomoa umeme pia, kwa sababu radi hupita hata kwenye nyaya za ukutani. Hili halina cha mpya wala cha zamani.

"Ya zamani fundi yeyote anaitengeneza, mpya ikifa imekufa."

Nusu ya kwanza ni kweli kwa mkono, si kwa kipuri. Ya zamani ina nafasi ndani, unaona kila kitu, unalehemu kwa chuma cha kawaida. Lakini zile 6JS6C za FT-101 zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, viwanda viliacha zamani, na leo ni za kutafutwa kwa bei. Kapasita zake kubwa zimekauka kwa miaka. Fundi mzuri akifungua, kwanza anatazama vichwa vya kapasita kama vimevimba na kama kuna utandu uliovuja kwenye bodi, kisha anabadilisha zote hata zile zinazoonekana nzima. Swichi ya kuchagua bendi ikishika kutu, redio inakatika kila ukiigusa, na hiyo inahitaji usafi wa subira.

Za karibuni zina vipuri vidogo vinavyotaka darubini na hewa ya moto. Mafundi wa simu wa Mwanjelwa, Mbeya, wanafanya kazi hiyo hiyo kila siku, kwa hiyo mikono tunayo. Kinachowakwamisha ni ramani ya redio, na kipuri cha kiwanda kimoja ambacho hakina mbadala. Kwa maoni yangu zilizo ngumu zaidi ni za katikati, za miaka ya 1980 na 1990: ndogo mno kwa chuma cha mzee, kongwe mno kwa kiwanda kuendelea kuleta vipande vyake.

"FT8 haifanyiki kwenye redio ya zamani."

Inafanyika. FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta kupitia redio, iliyotoka 2017 kwa kazi ya Joe Taylor na Steve Franke, inatumia upana wa hezi 50 na zamu za sekunde 15. Vitabu vya redio za miaka ya 1970 viliahidi kuhama kusikozidi hezi 100 kwa nusu saa baada ya redio kupata moto, na ndani ya sekunde 15 hilo ni dogo. Neno kubwa hapo ni moto. Asubuhi ya Julai pale Njombe, redio iliyolala kwenye baridi ikiwashwa, sauti ya unayemsikiliza inapanda au kushuka taratibu mpaka inakuwa ya mtu mwingine, na unaifuata kwa nobu. Iache nusu saa. IC-7300 kwenye baridi hiyo hiyo haihami zaidi ya hezi nne mita 40. Jambo jingine: kwa FT8 redio inarusha sekunde karibu 13 mfululizo kila zamu, valvu haikuzoea hivyo, basi shusha nguvu hadi nusu au chini yake. Saa ya kompyuta nayo iwe sahihi.

"Mtoto aanze na ya zamani, ni rahisi."

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Ndani ya redio ya valvu kuna volti 600 na zaidi, na kapasita zinazishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Redio mpya ya volti 13.8 ikifunguliwa na mwanafunzi, cha kuhofia ni fyuzi na pesa. Ya valvu inaua. Asiifungue bila mtu mzima anayeijua kuwa kando yake, na mtu huyo aanze kwa kuchomoa plagi, asubiri, apime kapasita kubwa kwa mita mpaka sindano isome sifuri, na mkono wa kushoto akae nao mfukoni muda wote.