Promota ya jeni: ni nini, na unaipataje kwenye hifadhidata

Promota ni sehemu ya DNA iliyo kwenye mwanzo wa jeni, mahali ambapo mitambo ya unukuzi hutua kabla ya kuanza kutengeneza RNA. Kwa jeni za protini za binadamu, wanyama na mimea, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ni RNA polimerasi II. Kiini cha promota ni kifupi, besi 80 hadi 100 hivi, nusu yake kabla ya mahali unukuzi unapoanza na nusu baada yake. Besi ya kwanza kunukuliwa huitwa +1, na iliyo nyuma yake ni −1. Sifuri haipo, na hilo huwaponza wanaohesabu kwa programu.

Ukifungua hifadhidata kubwa ya jenomu ukitarajia kukuta promota ya jeni yako imeshakatwa na kuwekwa tayari, utatafuta sana. Kilichomo ni jenomu nzima pamoja na alama za mahali jeni na nakala zake (RNA zinazotokana nayo) zilipo. Kukata ni juu yako, na wengi huchukua kuanzia −1000 au −2000 hadi kama +100. Hakuna sheria ya urefu huo, ni mazoea tu. Kwa hiyo ukikosea +1, yote yanayofuata yamekosewa.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka ATG, kodoni inayoanzisha protini. Chukua jeni ya TP53 ya binadamu. Eksoni yake ya kwanza (eksoni ni vipande vinavyobaki kwenye RNA iliyokamilika, introni ni vile vinavyokatwa na kutupwa) haina hata kodoni moja ya protini. ATG iko kwenye eksoni ya pili, na kati yake na +1 kuna karibu besi 11,000, nyingi zikiwa introni. Ukikata besi 1,000 kabla ya ATG umebeba introni, na jaribio la lusiferasi, linalopima nguvu ya promota kwa mwanga, litakaa kimya huku ukimlaumu muuza vitendanishi.

TP53 ina mtego wa pili. Iko kwenye uzi wa minus wa kromosomu 17, yaani ule unaosomwa kinyume na mwelekeo wa namba. Katika GRCh38, toleo la jenomu ya binadamu, nakala yake kuu imeanzia 7,668,421 na kuishia 7,687,490, lakini kwa kuwa inasomwa kinyume, +1 ni namba kubwa, yaani 7,687,490. Besi 1,000 za nyuma yake ni 7,687,491 hadi 7,688,490, na lazima zigeuzwe: usome kutoka mwisho, kisha A iwe T, C iwe G, na kinyume chake. Tazama pia jirani: kipande hicho kimelalia jeni ya WRAP53, inayosomwa kuelekea upande wa pili.

Njia fupi ni tovuti ya UCSC Genome Browser. Chagua binadamu na toleo la hg38, ambalo ndilo GRCh38, andika jina la jeni, bofya nakala unayoitaka, kisha fuata kiungo cha mfuatano wa jenomu. Utaona visanduku kadhaa. Acha tiki kwenye kile cha promota tu, uondoe za eksoni na introni, na uandike idadi ya besi. Ukurasa wenyewe hugeuza uzi wa minus. Ukichagua marudio (mifuatano inayojirudia kwenye jenomu) yawekwe kwa herufi ndogo, herufi hizo ndizo zitakazoyaonyesha. Ukichagua yafichwe kwa N, utapewa N, ambazo huwezi kuzitumia kutengenezea praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili kwenye PCR). Kwa jeni mamia kwa mpigo, tumia BioMart, zana ya hifadhidata ya Ensembl: chagua mfuatano wa pembeni mwa nakala, upande wa 5′, taja urefu, na upakue faili la FASTA, yaani maandishi ya mifuatano.

Nakala ipi sasa? Kwa binadamu anza na iliyowekewa alama ya MANE Select, ambayo hifadhidata za NCBI na Ensembl zimekubaliana. Ila jeni moja yaweza kuwa na promota zaidi ya moja. TP53 ina nyingine ndani kabisa, eneo la introni ya 4. Isitoshe, ncha ya nakala iliyoandikwa si lazima iwe +1 halisi, kwa sababu cDNA (DNA iliyotengenezwa kutoka RNA) za zamani mara nyingi zilikatika kabla ya kufika mwanzo. Hapo ndipo hifadhidata za EPD ya Uswisi na FANTOM5 zinaposaidia: zinategemea vipimo kama CAGE, vinavyonasa kofia iliyo kwenye ncha ya mwanzo ya RNA na kuonyesha besi ambako unukuzi ulianzia kweli. EPD huweka _1, _2 baada ya jina la jeni pale promota zinapokuwa kadhaa.

Usitumie TATA, mfuatano mfupi (TATAAA) ulio kwenye baadhi ya promota, kama kipimo cha kukubali au kukataa kipande. Promota nyingi za binadamu hazina TATA, TP53 ikiwamo. Nyingi zimejaa CG badala yake. Tena mfuatano wowote wa herufi sita hutokea kwa bahati tu takriban mara moja kila besi 4,096 kwenye uzi mmoja, hivyo kuuona si ushahidi.

Kabla ya kuagiza praima, bandika mfuatano wako kwenye BLAT ya UCSC, zana inayotafuta mfuatano ulipo kwenye jenomu. Unapaswa kutua mahali pamoja, kwenye toleo lilelile la jenomu, ukigusa au kupakana na eksoni ya kwanza na si ya pili. Ukiangukia maelfu ya besi mbali, huenda namba zako zilitoka hg19, toleo la zamani la jenomu.