Je, wajua kwa nini vitamini B2 huzimika ikikaribiana na chembe za nano?

Saga kidonge cha B-complex, kile cha manjano, ukikoroge kwenye glasi ya maji na usubiri unga utulie chini. Kisha umwombe wakala wa pesa za simu akuazime taa yake ya kukagulia noti bandia. Ukiyamulika maji hayo gizani yatang'aa kijani chenye umanjano. Kinachong'aa ni riboflavini, yaani vitamini B2, ileile inayoufanya mkojo uwe wa njano kali saa chache baada ya kumeza kidonge.

Sasa fikiria mtu wa maabara, tuseme pale Chuo Kikuu cha Dodoma, anadondoshea kwenye maji hayo chembe za madini ya fedha zenye upana wa nanomita 20. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja tu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Mng'ao unafifia, na chembe zikizidi unaweza kupotea kabisa. Vitamini haijatoka kwenye glasi. Ukiipima kwa njia nyingine utaikuta. Nuru yake imekwenda wapi?

Jibu linaanzia kwenye molekuli yenyewe. Riboflavini hufyonza mwanga wa buluu, hasa wenye urefu wa wimbi wa nanomita 445 hivi, pamoja na mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayotoka kwenye taa ya noti. Ikishafyonza inabaki na nishati ya ziada, na nishati hiyo haikai: ndani ya takriban nanosekunde 5, yaani sehemu tano za bilioni za sekunde, lazima ipate pa kwenda. Watanzania wameizoea kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, basi tuichukue hiyo. Riboflavini iliyopigwa na mwanga ina ndoo kichwani. Inaweza kuimwaga yenyewe, nasi tukaona mng'ao wa kijani. Inaweza kukutana na jirani akaitua ndoo ile, na hapo hakuna mng'ao. Au inaweza kuteleza na kuingia katika hali nyingine ambamo inakaa na mzigo kwa muda mrefu zaidi, hadi mikrosekunde kadhaa, yaani sehemu za milioni za sekunde. Huko kwenye kuteleza ndiko yanakotokea maafa.

Katika hali hiyo ya tatu riboflavini hufanya mambo mawili. Kwanza, hujikata yenyewe: mkia wake wa sukari hung'oka, na kwenye maji ya kawaida kinachobaki kwa sehemu kubwa ni lumikromu, kitu ambacho mwili hauwezi kukitumia kama vitamini. Pili, huipa oksijeni iliyo ndani ya maji nishati ile, na oksijeni hiyo inageuka kuwa kali, inashambulia chochote kilicho karibu. Asidi ya foliki, yaani vitamini B9, ikiwa kwenye chupa moja na B2 huharibika haraka zaidi mwangani kuliko ikiwa peke yake. Vitamini moja inamharibu mwenzake.

Kwa jua la Dodoma si jambo la kupuuza. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, digrii 6 tu kusini mwa ikweta, na kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu ni ya kutafuta. Maziwa yana takriban miligramu 1.8 za riboflavini kwa lita, wakati mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 1.1 na 1.3 kwa siku. Yakiachwa juani kwenye chupa inayopitisha mwanga, nusu ya vitamini hiyo au zaidi inaweza kwenda ndani ya saa mbili. Mwuzaji anayepanga chupa zake za maziwa kando ya barabara ili wateja wazione anauza protini na mafuta yaleyale, lakini B2 imekwishapungua kabla hajapata mteja. Chupa za kahawia za dawa za vitamini hazikuchaguliwa kwa urembo. Rangi ile huzuia mwanga wa buluu na urujuanimno.

Turudi kwa chembe. Chembe ya nano haikai uchi ndani ya maji. Ikiachwa hivyo itagandamana na wenzake, wawe mabonge, wazame chini. Kwa hiyo watengenezaji huivika ganda. Ganda linalotumika sana ni sitrati, chumvi itokanayo na asidi ya limau. Tangu 1951, mwanakemia John Turkevich na wenzake walipoitumia kutengeneza chembe za dhahabu, maabara nyingi duniani zinafuata njia hiyo. Sitrati huzipa chembe chaji hasi, zinasukumana, zinabaki zikielea. Maganda mengine ni polima ndefu, yaani molekuli zilizoungana kama mnyororo, zinazojitandaza pande zote, kitosani inayotolewa kwenye magamba ya kamba na kaa, au silika, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa mchanga.

Watu wengi hudhani kiini, yaani fedha au dhahabu, ndicho kinachoamua kila kitu. Kwa maoni yangu ganda lina sauti kubwa kuliko kiini, kwa sababu ndilo linaloamua vitamini ifike umbali gani. Kumtua mtu ndoo kunahitaji ukaribu. Kati ya molekuli na molekuli, nishati huhama kwa namna hii katika umbali wa nanomita 1 hadi 10; uso wa metali unaweza kufika mbali kidogo zaidi. Ganda la sitrati lina unene wa nanomita moja au pungufu, kwa hiyo riboflavini, ambayo nayo ina ukubwa wa nanomita moja hivi, inakaribia ukingo wa metali kabisa na kutuliwa mzigo papo hapo. Vika chembe ileile silika yenye unene wa nanomita 10 na zaidi, uzimikaji unapungua. Kuna hata unene unaofanya kinyume: rangi zinazong'aa zikiwa umbali wa kiasi fulani kutoka kwenye fedha hung'aa kuliko zikiwa peke yake, maana metali huukusanya mwanga kuizunguka. Kiini hakijabadilika hata kidogo.

Kuzimika kwa mng'ao si habari mbaya kwa vitamini. Molekuli iliyotuliwa ndoo mapema haipati nafasi ya kuteleza kwenda kwenye ile hali ya hatari. Kwa hiyo riboflavini iliyoshikana na chembe za dhahabu inaweza kudumu juani kuliko iliyo huru, ingawa kwa macho inaonekana imekufa.

Dioksidi ya titani ina mambo yake. Hii ni poda nyeupe iliyomo kwenye rangi za ukuta, kwenye mafuta ya kujikinga na jua, na mara nyingi kwenye ule utando mweupe wa vidonge. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 2022, ila kwenye dawa bado inaruhusiwa. Yenyewe haingoji kupokea ndoo ya mtu. Ikipigwa na urujuanimno wenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 388 hivi, elektroni zake zinaruka, na pale zilipotoka panabaki pengo lenye njaa linalozinyang'anya molekuli za maji elektroni zao. Matokeo yake ni vipande vikali vya maji ambavyo huikatakata riboflavini bila kuchagua. Ndiyo maana titani ya kwenye mafuta ya jua huvikwa silika au oksidi ya alumini: ganda linaziba mdomo wa chembe, isianze kula ngozi na mafuta yenyewe. Kwa hiyo silika, ambayo kwenye fedha inarudisha mng'ao, kwenye titani inaokoa maisha ya vitamini.

Kuna kitu kingine ambacho mtu hukitambua tu akisoma maandishi madogo kwenye lebo. Kwenye vidonge B2 huwekwa kama riboflavini ya kawaida, ambayo haiyeyuki sana, makumi kadhaa tu ya miligramu kwa lita moja. Kwenye dawa za maji na sindano mara nyingi huwekwa riboflavini iliyofungwa fosfati, kwa sababu huyeyuka vizuri zaidi. Tofauti ni kipande kimoja cha fosfati, lakini mbele ya chembe za nano ni watu wawili tofauti. Ya kidonge haina chaji kwenye maji ya kawaida, inajishikiza kwa chembe kidogokidogo. Ya dawa ya maji ina chaji hasi: chembe zenye sitrati zinaisukuma mbali, zenye kitosani zinaivuta, na chembe za oksidi ya chuma zisizofunikwa inazishika kwa fosfati yake kwa nguvu. Mtu akichanganya hizi mbili akidhani B2 ni B2, majibu yake hayatapatana na ya mwenzake.

Na majibu kutopatana ni jambo la kawaida katika eneo hili. Chembe za fedha zina rangi ya manjano kwa sababu zinafyonza sana mwanga wa nanomita 400 na jirani zake. Maana yake ni kwamba baadhi ya mwanga wa taa unaliwa na chembe kabla haujaifikia vitamini, na mng'ao unapungua bila mtu yeyote kutuliwa ndoo. Tangu wanasayansi Otto Stern na Max Volmer walipotoa hesabu yao mwaka 1919, watafiti huchora mstari wa namna mng'ao unavyopungua kadiri chembe zinavyoongezeka, na mstari ukinyooka wanafurahi. Mimi mstari peke yake haunishawishi. Kinachosema ukweli ni kupima muda: zile nanosekunde 5 zimepungua au la? Zikipungua, ndoo zinapokelewa njiani kweli. Zikibaki 5, basi ama vitamini imejibana kwenye chembe tangu kabla ya mwanga kufika, ama taa imezibwa tu.

Halafu kuna maji yenyewe. Majaribio mengi hufanywa kwa maji yaliyosafishwa hadi hayana chumvi hata chembe. Dodoma hunywa sana maji ya chini ya ardhi, mengi yakitoka visima vya bonde la Makutupora, na visima vingi vya mkoani vina chumvichumvi; birika la kuchemshia huota tabaka jeupe ndani. Tabaka hilo ni kalsiamu na magnesiamu, na hizo ndizo adui wa ganda la sitrati. Zinafunika chaji hasi, chembe zinaacha kusukumana, zinagandamana. Chembe za dhahabu, ambazo zikielea huonekana nyekundu, zinageuka zambarau au buluu mbele ya macho yako. Fedha nayo ikikutana na kloridi ya kwenye chumvi huanza kujivika ngozi ya kloridi ya fedha ambayo hakuna aliyeiomba. Matokeo yaliyopatikana kwa maji safi hayatajirudia kwa maji ya bomba, isipokuwa chembe ziwe zimevikwa polima nene au silika, ambazo hazitegemei chaji peke yake.

Mwanga, vitamini na maji vina matumizi mengine yasiyohitaji metali yoyote. Njia ya kusafisha maji kwa kuyaweka kwenye chupa safi za plastiki juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu, inajulikana tangu Aftim Acra na wenzake walipoieneza kutoka Beirut mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watafiti wameonyesha kuwa riboflavini kidogo ikiongezwa kwenye chupa, baadhi ya vijidudu sugu hufa haraka zaidi, kwa ile oksijeni kali tuliyoitaja. Hapo kuteleza kwa molekuli ndiko kunakotafutwa, na chembe za dhahabu zingeharibu kazi kwa kuzitua ndoo mapema mno. Titani ingeua vijidudu vizuri sana, lakini ingeila na riboflavini humohumo, kwa hiyo mwenye titani hana sababu ya kupoteza vidonge vyake.